Parodi ni Mwigo wa Utani

Oktoba 2024 zilipotoka habari kwamba ndugu Marlon, Shawn na Keenen Ivory Wayans wanarejea kuandika filamu mpya ya mfululizo wa Scary Movie, iliyopangiwa kuingia kumbini Juni 2026, swali lililotangulia mengine yote miongoni mwa mashabiki lilikuwa moja: safari hii watacheza na filamu zipi? Ubashiri huo ulifika hata Ndanai, kwenye mpaka wa nchi ya chai ya Sotik katika Kaunti ya Bomet, ambako vijana wamewajua ndugu hawa tangu filamu ya White Chicks ya 2004. Vijana wanajua barabara wanachokingoja, ila jina lake hawaafikiani. Huyu husema ni vichekesho. Yule husema wanaigiza filamu za wenzao. Mwingine hushikilia kwamba wanazikejeli. Mwanafunzi wa kidato cha nne hukimbilia orodha ya mbinu za sanaa aliyofundishwa darasani, akajaribu tashtiti, dhihaka na kinaya, na kila neno analolichagua humwachia sehemu ya jambo nje.

Jambo lenyewe wataalamu wa fasihi hulijua kwa jina la parodi. Nia yangu hapa ni kulifafanua, kulitenga na majirani zake, na kulipendekezea jina la Kiswahili ambalo mtu wa Ndanai na mtu wa Kariakoo watalielewa bila mkalimani.

Neno hili limetoka katika Kigiriki cha kale. Limejengwa kwa maneno mawili: moja lina maana ya kando ya kitu au dhidi ya kitu, na la pili ni wimbo. Parodi ya mwanzo basi ni wimbo unaoimbwa kando ya wimbo mwingine. Aristotle, katika kitabu chake kuhusu ushairi, alimtaja Hegemon wa Thasos kuwa mtunzi wa kwanza wa parodi. Mwaka 1605 Mhispania Miguel de Cervantes alitoa sehemu ya kwanza ya Don Quixote, kitabu kinachocheka hadithi za mashujaa wapanda farasi zilizopendwa mno siku hizo. Sinema ilipokuja, nayo ikaipokea kazi hiyo.

Mfano unaoonyesha vizuri zaidi namna parodi inavyofanya kazi ni Airplane! ya 1980, iliyoandikwa na kuongozwa na Jim Abrahams pamoja na ndugu David na Jerry Zucker. Watatu hao waliichukua filamu nzito ya 1957 iitwayo Zero Hour!, ambamo marubani na abiria wanaugua kwa chakula cha ndegeni, na rubani wa zamani wa vita aliyepoteza ujasiri analazimika kuitua ndege. Walinunua haki za hadithi hiyo, wakafuata mkondo wake hatua kwa hatua, wakamwacha shujaa na jina lake kwa kubadili herufi moja tu, na hata baadhi ya mazungumzo wakayatumia kama yalivyokuwa. Kilichobadilika ni yale waliyoyapachika kandokando ya mazungumzo hayo. Maneno yaliyomtia mtazamaji wa 1957 hofu yalimwangusha mtazamaji wa 1980 kwa kicheko.

Kutokana na mfano huo tunapata masharti matatu ya parodi. La kwanza, pawepo kazi nyingine inayoigwa. Wafasiri wana istilahi nzuri ya matini chanzi. Nasi tunaweza kuiita filamu inayoigwa filamu chanzi. La pili, mwigo huo upindwe: kitu kikuzwe kupita kiasi, kigeuzwe juu chini, au kiwekwe pasipo pake ili kichekeshe. La tatu, hadhira iwe inakijua chanzo. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Mtu asiyewahi kuona Scream ya 1996 wala I Know What You Did Last Summer ya 1997 atacheka kidogo akitazama Scary Movie ya 2000, lakini nusu ya utamu itampita. Hata jina lenyewe ni la kuazima: Scream ilikuwa ikiitwa Scary Movie kabla ya kubadilishwa jina.

Kwa masharti hayo matatu, tuyapime maneno tuliyo nayo.

Tashtiti ndilo hutajwa kwanza, na lina shida mbili. Katika madarasa mengi ya Kenya tashtiti ni swali ambalo muulizaji analijua jibu lake. Kwa waandishi wengine ni sanaa ya kuyafichua maovu ya jamii kwa kuyacheka. Hata tukishika maana hii ya pili, tashtiti hulenga jamii na watawala wake. Kundi la Redykyulass la Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie lilipomwigiza Rais Moi kwenye runinga, lengo lake lilikuwa utawala. XYZ Show, kipindi cha vikaragosi kilichoanzishwa na mchoraji Gado na kuanza kurushwa 2009, nacho kililenga wanasiasa. Hiyo ndiyo tashtiti. Mahakama ya Juu ya Marekani ilibainisha tofauti hii mwaka 1994, katika kesi ya kundi la 2 Live Crew lililougeuza wimbo wa Roy Orbison: parodi haina budi kuazima kutoka kwa kazi inayoilenga ndipo ieleweke, ilhali tashtiti inaweza kusimama kwa miguu yake yenyewe.

Dhihaka, kejeli na kebehi zinataja nia pasipo kutaja umbo. Unaweza kumkejeli mtu kwa neno moja njiani bila kuiga chochote. Vichekesho na futuhi ni majina ya ukoo mzima; parodi ni mtoto mmoja katika ukoo huo.

Mwigo nao unalo umbo, ila kicheko si lazima. Hapa nchi ya Wakipsigis inatupa mfano ambao ulimwengu wa muziki unaujua. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alirekodi Kapkatet nyimbo za Wakipsigis zilizobeba jina Chemirocha. Jina hilo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki 1933, ambaye sahani zake za santuri zilikuwa zimefika huku. Midomo ya wenyeji ikalifinyanga jina hadi likawa lao, na mwenye jina akawa kiumbe wa hadithi, nusu mtu nusu paa. Kazi ya kigeni ilichukuliwa ikageuzwa kuwa mpya. Pamoja na hayo, Chemirocha si parodi, kwa kuwa mvuto wake hautegemei kuukumbuka wimbo wowote wa Rodgers na kuucheka. Ni uumbaji upya.

Kwa hiyo mwigo peke yake hautoshi, na dhihaka peke yake haitoshi. Wapo wanaoyaunganisha wakasema mwigo wa dhihaka. Jina hili linaeleweka na linakaribia shabaha, lakini naliona lina kasoro katika sehemu yake ya pili. Dhihaka humtweza anayedhihakiwa. Anayekudhihaki anakutaka chini. Waundaji wa parodi nzuri karibu wote ni wapenzi wa kile wanachokiiga. Mtu hawezi kukaa na Zero Hour! sentensi kwa sentensi kama hakuipenda. Mel Brooks alipotengeneza Spaceballs ya 1987, mwigo wa Star Wars, George Lucas mwenye Star Wars aliridhia, akaweka sharti kwamba wasiuze vinyago vya kuchezea vya filamu hiyo. Anayedhihakiwa hatoi ridhaa ya namna hiyo. Anayetaniwa huitoa.

Hapo ndipo Kiswahili kina hazina yake. Utani kwetu ni uhusiano wenye kanuni. Wangoni na Wahehe walipigana katika karne ya 19, kisha wakawa watani. Leo Mngoni anaweza kumwambia Mhehe maneno ambayo yangezua ugomvi kama yangetoka kinywani mwa mtu mwingine. Simba na Yanga huitwa watani wa jadi kwa sababu kila upande unaijua historia ya mwenzake, mabao aliyofungwa na aibu alizozificha. Utani una mambo mawili ambayo dhihaka haina: kujuana na ruhusa. Huwezi kumtania mtu usiyemjua, na ukijaribu mbele ya watu wasiomjua, maneno yako yataanguka chini. Hilo ndilo lile sharti la tatu la parodi, nalo limo tayari ndani ya neno letu.

Ndiyo maana napendekeza parodi iitwe mwigo wa utani. Mwigo unabeba umbo, utani unabeba kicheko, mapenzi na kujuana. Kitenzi chake ni kuiga kwa utani: ndugu Wayans wameiiga Scream kwa utani. Filamu ya aina hii ni filamu ya mwigo wa utani, na wimbo ni wimbo wa mwigo wa utani. Wanaistilahi wengi hutumia vigezo vya PEGITOSCA vilivyopendekezwa na Kibuuka Kiingi wa Uganda, vinavyoangalia, pamoja na mengine, usahihi wa neno, ufupi, uwazi, uwezo wa kuzaa maneno mengine, umataifa na kukubalika kwake. Mwigo wa utani unashinda kwa usahihi, uwazi na kukubalika. Parodi inashinda kwa ufupi na umataifa. Sioni sababu ya kuligombanisha neno la mtaani na la chuoni: mhakiki aandike parodi pale anapozungumza na wahakiki wenzake, na mwalimu, mtangazaji na mchekeshaji watumie mwigo wa utani.

Kuna jirani mmoja wa kutenganishwa kabla ya kumaliza, kwa sababu ndiye anayejulikana zaidi vijijini. Kenya nzima inamfahamu DJ Afro, anayesimulia filamu za kivita za Kichina, Kihindi na Kimarekani kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng, sauti yake ikipita juu ya sauti za waigizaji. Tanzania ilikuwa na Kapteni Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, ambaye tafsiri zake zilitazamwa sana kwenye vibanda vya video viitwavyo vibanda umiza. Uganda ina mavijei (VJ) wake, wasimulizi wa aina hiyo hiyo, na filamu ya Wakaliwood ya 2010, Who Killed Captain Alex?, imetiwa usimulizi wa vijei uliojaa mizaha mwanzo hadi mwisho. Marekani nako, kuanzia 1988, kipindi cha Mystery Science Theater 3000 kilimweka mtu na roboti wake mbele ya filamu mbovu wakiisemea ovyo.

Je, hiyo ni parodi? Sehemu yake tu. Hapa filamu chanzi haikuigwa, ipo pale pale kwenye kioo, na msimulizi ameongeza sauti. DJ anapofasiri yanayosemwa ili mtazamaji wa Ndanai afuate kisa, kazi yake ni tafsiri. Anapompa kiongozi wa majambazi wa Hong Kong jina la mtaani na kumsemesha mambo ya matatu na chapati, ameingia katika utani, lakini bila mwigo. Sanaa hiyo inastahili jina lake yenyewe, na usimulizi wa filamu unaitosha. Akitokea mcheshi atakayepiga filamu yake mwenyewe, akamwiga shujaa, taa, muziki na mapigo ya filamu hizo, hapo tutakuwa na mwigo wa utani kamili.

Sasa turudi kwenye ubashiri wa mashabiki, kwa kuwa unathibitisha maana ya istilahi hii kuliko kamusi. Shabiki anayekisia kwamba Get Out ya Jordan Peele, iliyotoka 2017, itaguswa, anapima mambo bila kujua kwamba anafanya uhakiki. Anajiuliza kama filamu hiyo inajulikana na watu wengi. Anajiuliza kama inajichukulia kwa uzito, maana kitu ambacho tayari ni mzaha hakiigiki kwa utani kwa urahisi. Anajiuliza kama ina mazoea yanayoweza kutambulika mara moja. Vijana wetu wana orodha ndefu ya mazoea hayo: polisi wa filamu za Kihindi wanaofika baada ya staa kuwamaliza maadui wote peke yake, mzee wa kung fu mwenye ndevu nyeupe anayemfundisha kijana kwa kumtekesha maji, mganga wa filamu za Kinigeria anayetokea katikati ya moshi. Kila kimoja ni chanzo kinachosubiri mwigaji. Kundi la vichekesho la Bomet au Kericho likitangaza kwamba litaiga kwa utani moja ya filamu hizo, hadhira yake ipo tayari, na itaanza kubashiri siku hiyo hiyo.

Istilahi haikai kwa kutangazwa. Hukaa kwa kutumiwa. Nawaomba walimu wa fasihi wa Sotik na kwingineko waiongeze parodi katika orodha ya mbinu wanazofundisha, waieleze kuwa mwigo wa utani, na wawape wanafunzi filamu wanazozijua kuwa mifano. Nawaomba wachekeshaji walitumie jina hilo kwenye matangazo yao. Na wewe msomaji, Scary Movie mpya ikikufikia, kabla ya kucheka tafuta filamu chanzi uitazame. Mtani mwema humjua kwanza anayemtania.