Istilahi za Madirisha ya Kompyuta: Kutoka Orodha hadi Kitabu cha Kujifunzia

Wasomaji wa jarida hili wamekwisha kuzoea kukuta humu orodha za istilahi, upande mmoja dhana na upande wa pili neno lake la Kiswahili. Safari hii hatuleti orodha. Twakusudia kueleza historia fupi ya fungu moja la maneno, yaani yale ya madirisha, vitufe na menyu za kompyuta, na kuonyesha kwa nini maneno hayo, ingawa yapo, hayajamwezesha kijana wa Same kujifunza kutengeneza dirisha lake mwenyewe.

Yafaa tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1973, katika maabara ya kampuni ya Xerox mjini Palo Alto, Marekani, iliundwa kompyuta iliyoitwa Alto. Mtumiaji wake aliweza kuelekeza kipanya kwenye picha zilizo juu ya kioo badala ya kuandika amri tupu. Mwaka uliofuata Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni, amri ambayo ilikuja kulegezwa baadaye. Si kazi yetu hapa kuihukumu. Linalotuhusu ni kwamba Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, lilikuwa katika miaka hiyo hiyo likishughulika mno na istilahi za utawala, sheria na elimu, na kuzitoa katika vijitabu vya Tafsiri Sanifu. Mashine ambayo haimo ofisini haidai majina. Kwa hiyo wakati dhana za madirisha zilipokuwa zikizaliwa kwingineko, sisi hatukuwa na haja nazo, na zilipotufikia zilikuja zote kwa mkupuo, zikiwa zimekwisha kukomaa katika lugha ya watu wengine.

Kazi kubwa ya kwanza ilikuja mwezi Desemba 2004, ambapo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu wa Uswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Kampuni ya Microsoft nayo ilifuata kwa programu zake. Mwaka 2011 ikachapishwa Kamusi Sanifu ya Kompyuta. Kati ya maneno yaliyoshindana miaka hiyo, kompyuta lilishinda ngamizi huku kwetu, ingawa jirani zetu wa Kenya wanaendelea na tarakilishi lao. Puku lilishindwa na kipanya. Hatuna huzuni juu ya puku.

Hata hivyo, hapana budi tuseme wazi kwamba kazi hiyo yote ilimlenga mtu wa aina moja tu, yaani mtumiaji. Mtafsiri hupewa jedwali la semi zitakazoonekana juu ya kioo, naye hujaza upande wake: faili, hariri, hifadhi. Mtengenezaji wa programu hahusiki na jedwali hilo. Yeye hushika zana zilizotengenezwa ili asianze kila kitu upya: Tk, aliyoiunda John Ousterhout katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, GTK, iliyoanzishwa katika chuo hicho hicho na wanafunzi wawili, Spencer Kimball na Peter Mattis, kwa ajili ya programu yao ya picha, au Qt, iliyotoka Norwei. Zana hizo zina msamiati wake, na msamiati huo haumo katika jedwali la mtafsiri, kwa sababu mtumiaji hauoni.

Tulipokwenda Same na rasimu yetu ya maneno hayo, tulikutana na vijana waliokuwa wamejifunza misingi ya Python na sasa walitaka kutengeneza programu ndogo ya kuweka hesabu za duka. Rasimu waliisoma kwa adabu. Kisha mmoja wao akauliza, “Samahani mwalimu, maneno tumeyaona. Kitabu chenyewe kiko wapi?”

Hatukuwa na jibu. Kwa Kiingereza vipo: Ousterhout alitoa kitabu chake mwaka 1994, na kwa wanaotumia Tk kupitia Python, mafunzo ya Mark Roseman yaitwayo TkDocs ndiyo tunayoyapendekeza mbele ya mengine, kwani yanaanza na dirisha moja tupu na kuongeza kitu kimoja kimoja. Lakini hata huko hali si imara kama tudhanivyo. Kwa miaka mingi wanafunzi wa dunia nzima walitegemea maelezo yaliyoandikwa na mtu mmoja, Fredrik Lundh wa Uswidi. Mahali alipoyaweka pakafungwa, naye akafariki mwaka 2021, na vitabu vingi vikabaki vikimwelekeza msomaji kwenye mlango usiofunguka.

Upare una uzoefu wa zamani wa kuandikiwa vitabu visivyomlenga mwenyeji. Sarufi ya Kipare iliyochapishwa Berlin mwaka 1909, kazi ya mmisionari Ernst Kotz, iliandikwa kwa Kijerumani, nayo ilimfaa Mjerumani aliyekuja kujifunza Kipare. Mpare hakufundishwa kitu nayo. Na nchi hii imewahi kulijadili tatizo hilo kwa upana wake. Tume ya Rais ya Elimu ya mwaka 1982, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa, na vitabu vya ufundi ambavyo vingelazimika kuandikwa havikuandikwa.

Turudi Same. Neno lililotusumbua kuliko yote lilikuwa jina la ule utaratibu ulio moyoni mwa kila programu ya madirisha. Programu ya kawaida husomwa kutoka mstari wa juu hadi wa chini, ikaisha. Programu yenye dirisha haiishi, hungoja. Kila kitufe kinapobonyezwa, kila kipanya kinaposogezwa, hutokea tukio, nalo huwekwa katika foleni, na programu huyatoa matukio hayo moja moja na kuyashughulikia. Katika rasimu tuliuita utaratibu huo kitanzi cha matukio. Vijana wawili wakatazamana, wakacheka. Tulikuwa tumesahau kwamba mtu akisikia kitanzi hufikiria kamba ya kunyongea, ama zahanati ya uzazi wa mpango.

Mzee mmoja, mkulima, aliyekuwa amekaa nasi akimngojea mjukuu wake, ndiye aliyetuokoa, bila kujua kompyuta hata kidogo. Tulipomweleza jambo lenyewe alisema kwamba hiyo ni ndiva. Msomaji asiyeijua milima hii aelewe kuwa ndiva ni bwawa dogo la asili ya Wapare, kama yale ya Vudee na Bangalala, linalokusanya maji ya mfereji, kisha yakafunguliwa kwenda mashambani kwa zamu, shamba baada ya shamba. Mwenye shamba akishikilia maji kupita zamu yake, wote walio chini yake hukaa wakingoja.

Na hivyo ndivyo dirisha linavyoganda! Kazi moja ikichukua dakika nzima kushughulikia tukio lake, matukio mengine yote hujaa nyuma yake na vitufe haviitiki. Tumesoma kurasa nyingi za Kiingereza zinazolieleza jambo hilo, na hatukukuta iliyolieleza kwa urahisi kama huo. Tuliandika palepale: zamu ya matukio.

Wenzetu wengine watasema kwamba neno la bonde moja lisichukuliwe kuwa kipimo. Tunawakumbusha kitivo, neno la Kipare na Kisambaa lihusulo ardhi yenye rutuba, ambalo leo limeandikwa juu ya milango ya vyuo vikuu vyetu. Isitoshe, zamu ni Kiswahili cha kila mtu. Kilichotoka Upare ni mfano wake tu.

Baadhi ya mapendekezo yetu mengine hayakupata bahati hiyo. Kwa wijeti tuliwahi kutoa kidude, likakataliwa mara moja, na tumerudi kwenye wijeti. Zamu ya matukio imepelekwa kwenye kamati ya usanifishaji, haijaamuliwa. Wakati huohuo tumeanza kuandika mafunzo mafupi ya Tk kwa Kiswahili, yenye programu moja tu, ile ya hesabu za duka, na sura tatu za kwanza tumezituma Same. Zimerudi na masahihisho. Katika sura ya pili wameuliza kwa nini tumeandika fremu mahali pamoja na kiunzi mahali pengine, ilhali ni kitu kimoja.