Chumba cha Habari na Mlango wa Ikulu

Tarehe 5 Februari 1970, wasomaji wa The Standard waliamka na kukuta gazeti lao limekuwa mali ya serikali. Lilikuwa limeanza mwaka 1930 kwa jina la Tanganyika Standard, na hadi kutaifishwa lilikuwa mikononi mwa kampuni ya Lonrho. Mhariri mkuu mpya alikuwa Rais Julius Nyerere mwenyewe. Shughuli za kila siku alikabidhiwa Frene Ginwala, mwanamama wa ANC kutoka Afrika Kusini aliyekuwa akiishi uhamishoni.

Mwalimu Nyerere aliwaandikia waandishi tamko. Gazeti lingeunga mkono sera za serikali kwa jumla, lakini lingekuwa huru kujadili pendekezo lolote, liwe la serikali au la TANU, kwa kuwa ujamaa wa kweli hauwezi kusimama bila mjadala. Waandishi wa Ginwala waliyachukua maneno hayo kama yalivyoandikwa. Julai 1971, Rais Nimeiri wa Sudan alipowanyonga wakomunisti baada ya jaribio la mapinduzi kushindwa, tahariri yao ilimshambulia vikali. Ginwala akaondolewa. Aprili 1972 gazeti liliunganishwa na The Nationalist la TANU, likazaliwa Daily News, na kiti cha mhariri akakalia Benjamin Mkapa.

Mfuate Mkapa hatua kwa hatua. Mwaka 1974 alitoka kwenye uhariri na kuwa mwandishi wa habari wa Rais. Mwaka 1976 alikuwa mkurugenzi mwanzilishi wa Shirika la Habari Tanzania, Shihata. Mwaka 1995 akaingia Ikulu kwa kura. Wapo wanaoiona safari hiyo kama usaliti wa kalamu. Mimi siioni hivyo. Mwandishi wa kizazi kile hakujihesabu kuwa mtu wa nje anayechungulia dirishani. Alikuwa mtu wa ndani ya nyumba, mjenzi wa taifa kama alivyokuwa mwalimu au bwana shamba, na kutoka chumba cha habari kwenda ofisi ya Rais kulikuwa kuhama dawati tu. Fahari yake aliitafuta mahali pengine, katika ufundi wa kazi.

Ufundi huo, kwa sehemu kubwa, ulitoka Mwanza. Kule Nyegezi, upande wa kusini wa mji, Kanisa Katoliki lilianzisha mwaka 1960 chuo cha mafunzo ya jamii kilichokuja kufundisha uandishi wa habari, miaka mingi kabla serikali haijafungua shule yake ya uandishi Dar es Salaam mwaka 1975. Mwaka 1998 kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Kwa hiyo palikuwa na jambo ambalo hatulisemi vya kutosha: vyombo vilikuwa vya Chama na serikali, lakini wengi wa walioviandikia walijifunza kazi kwa mapadri, kando ya ziwa.

Walichokutana nacho kazini ni sentensi ndefu. Ngoma ya Radio Tanzania ikishalia saa mbili usiku, taarifa ya habari ilianza na cheo: Rais kwanza, baada yake waziri, kisha mkuu wa mkoa, kila mmoja na nyadhifa zake zote, na tukio lenyewe likisubiri mwishoni mwa aya. Mtangazaji hakuwa na uwezo wa kubadili mpangilio huo. Aliloweza ni kutamka vizuri, kuandika Kiswahili kisicho na doa, na kuhakikisha jina la kijiji ni sahihi. Hapo ndipo alipoiweka heshima yake, na wasikilizaji waliitambua.

Lakini ufundi wa namna hiyo una ukomo wake, na ukomo ulionekana hapahapa Usukumani. Mwaka 1976, katika msako dhidi ya mauaji yaliyohusishwa na uchawi, watuhumiwa wa Mwanza na Shinyanga waliteswa mikononi mwa polisi na maofisa wa usalama, na baadhi yao wakafa. Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu, na baadaye baadhi ya maofisa walitiwa hatiani mahakamani. Mkasa huo tunaukumbuka hadi leo kwa barua ya waziri. Hakuna anayeukumbuka kwa ripoti ya mwandishi. Wala si ajabu: Sheria ya Magazeti ilikuwa imepitishwa mwaka uleule wa 1976, ikimpa waziri uwezo wa kulifungia gazeti.

Miaka ya tisini milango ya redio za binafsi ilifunguka haraka. Julius Nyaisangah na Charles Hilary walitoka Radio Tanzania wakaenda Radio One na sauti zao zilezile. Mwanza ikapata Radio Free Africa, mali ya Anthony Diallo, aliyekuja kuwa mbunge wa CCM na waziri. Mhariri wa redio hiyo sasa alikuwa na mwajiri anayeomba kura katika jimbo la Ilemela, kwa wananchi walewale wanaoisikiliza. Waandishi nao walikuwa wameanza kujipanga wenyewe: mwaka 1995 waliasisi Baraza la Habari ili malalamiko na maadili yashughulikiwe bila mkono wa serikali, na muungano wa klabu za waandishi nchini, UTPC, ukaweka makao yake Mwanza.

Ndani ya klabu hizo tusi kubwa lilikuwa kanjanja, yaani mwandishi asiyejua kazi au anayefuata bahasha ya hongo. Wenzako ndio waliokuhukumu, kwa habari ulizotoa.

Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 iliipeleka hukumu hiyo kwingine. Iliweka bodi ya ithibati, kitambulisho, na chini yake kanuni za mwaka 2017 zikadai angalau stashahada. Mtangazaji aliyejifunzia kazi kwenye maikrofoni, hata awe na miaka ishirini hewani, akawa hana sifa. Muda wa mpito wa miaka mitano ulipokwisha uliongezwa, na waliotaka kubaki wakarudi darasani. Wajumbe wa bodi huteuliwa na waziri.