Kingamwili Isiyokinga

Jaribu kuandika kwa Kiswahili kwamba baadhi ya kingamwili huchochea atherosklerosisi, uone sentensi inavyojipinga: kinga ya mwili inauumiza mwili! Kosa si la maradhi wala la mwandishi. Ni la istilahi, na waliotutwika wanajijua.

Tuanze na asili. Paul Ehrlich alipoandika Antikörper mwaka 1891, Körper yake haikuwa mwili wa mtu. Kwa Kijerumani neno hilo pia ni kitu chochote chenye umbo. Hapo basi Antikörper ni kitu kinachokikabili kitu kingine. Waingereza wakalifuata sehemu kwa sehemu: antibody. Wakubwa wetu wa istilahi, yaelekea, wakafungua kamusi ya Kiingereza, wakakuta "mwili", wakafunga kikao.

"Kinga" nayo ina mizigo yake. Ni tahadhari, ni uwezo wa kupambana na maradhi, na dirishani kwa muuza dawa ni kondomu. Mtu akiambiwa kipimo kimeonyesha kingamwili za VVU, ana kila sababu ya kudhani amekingika, ilhali anaambiwa virusi vimeshaingia.

Nilipendekeza "kinaso" zamani. Nikajibiwa kwa kimya. Kisha mwenzetu mmoja, mpenda kunukuliwa, akaleta "zindiko", kana kwamba maabara ni kilinge. Kinaso kimefuata njia ya wazee: funika, kifuniko, ziba, kizibo, nasa, kinaso. Kingamwili ni protini, na kazi yake ni kunasa kinacholingana nayo. Heri au shari ni habari ya baadaye. Panga halikuitwa kingamwizi eti kwa kuwa mwenye nyumba hulilaza mvunguni. Mwizi akilishika je?

Ateri ni shahidi wangu. LDL (chembe inayobeba kolesteroli) iliyopenya ukutani mwake huoksidika, makrofaji (seli za kinga zinazomeza) huimeza mpaka zikajaa povu la mafuta, na hapo hujengeka atherosklerosisi, maradhi ambayo Felix Marchand, mwaka 1904, aliyapa jina la Kigiriki lenye uji na ugumu ndani yake. Vinaso vya aina ya IgM huweza kuing'ang'ania LDL hiyo makrofaji zisiimeze. Katika utafiti wa mwaka 2003, panya waliochanjwa kwa bakteria wa nimonia walitoa vinaso vya namna hiyo, na ateri zao zikaharibika kidogo kuliko za wenzao. Vya IgG huweza kugeuka: vikishikamana na LDL, fungu zima huzichokoza makrofaji na kuwasha uvimbe. Kwa baadhi ya wagonjwa wa lupasi, vinaso vya fosfolipidi huchochea damu kuganda mishipani. Evolocumab, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015, nayo ni kinaso: hunasa protini iitwayo PCSK9, ini likapata nafasi ya kuondoa LDL zaidi kwenye damu. Hapo pana kinga ya ugonjwa gani wa kuambukiza?

Matumizi ni mepesi: kinaso kimoja, vinaso vingi, kinaso cha PCSK9, vinaso vya VVU. Kingamwili hata wingi wake hauonekani.

Najua nitaambiwa kingamwili limeshazoeleka. Kwa nani? Wengi wa wanaofanya kazi maabara husema "antibodi" na kuendelea na shughuli zao. Lilikozoeleka ni kikaoni. Wao na waendelee kulizoea. Mimi naandika kinaso.