Insha ya Kununua Ilikuwa na Mwandishi

Siku hizi watu huzungumza kana kwamba wanafunzi wa vyuo walianza kukwepa kuandika siku ile ChatGPT ilipotolewa, tarehe 30 Novemba 2022. Sivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kando ya vyuo vya Boston kule Marekani, tayari kulikuwa na biashara ya kuuza insha.

Kwetu biashara hiyo ilikuja kwa njia ya bahari. Mwaka 2009 nyaya za intaneti zilizopita chini ya bahari zilifika Mombasa. Vijana wa Kenya waliomaliza chuo wakakosa ajira wakapata kazi: kuwaandikia insha wanafunzi wa Marekani na Uingereza. Leo uuguzi, kesho falsafa, keshokutwa Shakespeare. Akaunti zenye sifa nzuri zikawa zinauzwa na kukodishwa kama vibanda vya sokoni.

Serikali za nje zikashtuka. Australia ilitunga sheria mwaka 2020, Uingereza ikafuata mwaka 2022. Sheria zote mbili zilimlenga muuzaji; mnunuzi akaachiwa chuo chake. Lakini pigo kubwa kwa waandishi wa Nairobi lilitoka kwa akili unde, iliyoandika kwa dakika moja kile walichokikeshea usiku kucha.

Kwani mwanafunzi alinunua kwa nini? Tusikimbilie kumwita mvivu. Wapo wanaofanya kazi usiku ili walipe ada, na wapo waliolazimishwa somo wasilolitaka. Wengi wanataka cheti tu, na insha kwao ni kama tiketi ya basi. Mashine haikuleta hali hiyo. Ilishusha bei ya tiketi, basi.

Ila kuna kitu kimoja kimebadilika, nacho ndicho kinachonikera. Insha ya kununua ilikuwa udanganyifu, wala siutetei. Hata hivyo kulikuwa na mtu aliyekaa, akasoma, akapanga hoja, akafuta, akaandika upya. Digrii ilikwenda kwa mwingine, lakini elimu ilibaki kwake. Sasa insha inaweza kuandikwa, kukabidhiwa na kupewa alama bila mtu hata mmoja kujifunza chochote.

Basi kabla vyuo havijanunua programu za kuwanasa wanafunzi, vijiulize swali lililokuwepo kabla ya mashine: insha hii tunayomwagiza, ina nini cha kumfanya atake kuiandika mwenyewe?