Kilichomo Chini ya Herufi: Kibodi ya Mitambo

Hapa Dzaleka, yapata kilomita 45 kutoka Lilongwe, palipokuwa jela kabla ya kuwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994, vumbi jekundu la kiangazi ndilo hasimu wa kila kibodi. Katika kibodi ya mitambo, kila kitufe kina swichi yake: kidole kibonyezapo, kishina cha plastiki hushuka, huikandamiza springi, na kifikapo nusu ya mwendo wake wa milimita 4, huviachia vibati viwili vya metali vigusane, umeme ukapita. Na kwa kuwa vibati hivyo hurukaruka kwa milisekunde chache kabla ya kutulia, kidhibiti cha kibodi husubiri, ama sivyo herufi moja ingejiandika mara tatu. Swichi ikifa kwa vumbi hilo, hung'olewa hiyo tu, ikatiwa nyingine kwa lehemu, na hiyo ni fadhila kubwa.