Nani Ameshika Ufunguo? Makampuni ya Ukaguzi na Utafiti wa Shule za Biashara

Wahakiki wa uhusiano baina ya makampuni makubwa ya ukaguzi wa hesabu na shule za biashara za Marekani hukimbilia kwanza fedha. Kwao, anayefadhili utafiti ndiye anayeamua matokeo. Hoja hiyo naiona finyu. Ufadhili ni wa muda mrefu: kampuni ya ukaguzi ya Touche Ross ilianza kugharimia kongamano la ukaguzi la Chuo Kikuu cha Kansas mwaka 1972, na leo vipo vigoda vya uprofesa vyenye majina ya makampuni. Lakini mfadhili hutajwa kwenye tanbihi, na msomaji humpima. Kinachotutia hatarini ni data.

Karatasi za kazi za mkaguzi hazipatikani maktaba. Anayetaka kujua wakaguzi wanavyojadili dalili za udanganyifu hana budi kubisha hodi kwa wabia wa kampuni, nao huchagua wa kumfungulia na kwa masharti gani. La kwanza huwa usiri.

Kisa cha James Hunton wa Chuo Kikuu cha Bentley kinaonyesha usiri huo unavyoweza kutumika. Mwaka 2010, yeye na mwenzake walichapisha katika The Accounting Review, jarida linaloheshimika mno katika fani hii, jaribio waliloeleza kuwa lilifanyika katika ofisi 150 za kampuni moja kubwa nchini Marekani. Kampuni haikutajwa. Msomaji mmoja akauliza swali jepesi: kampuni gani hiyo yenye ofisi 150 Marekani? Wahakiki wa kitaalamu walikuwa wamepima takwimu na nadharia. Yeye alihesabu ofisi. Jibu likabadilika, ikadaiwa baadhi ya ofisi zilikuwa nje ya nchi. Data ilipodaiwa, haikutolewa. Makala ikabatilishwa mwaka 2012, Hunton akajiuzulu, na uchunguzi wa chuo, uliotangazwa 2014, ukahitimisha kwamba data ilibuniwa. Hatimaye makala zake zaidi ya 30 zilibatilishwa.

Wapo watakaosema huyo ni mtu mmoja mdanganyifu. Sikubali tuishie hapo. Ngao yake ilikuwa usiri aliodai kuahidi kampuni, na ngao hiyo ilikubalika kwa sababu watafiti waaminifu nao huibeba kila siku. Mhariri aliyezoea kusoma “kampuni moja kubwa” hana namna ya kutofautisha kampuni iliyokataza jina lake na kampuni ambayo haikushiriki kamwe.

Ni kweli mkaguzi anawajibika kisheria na kimaadili kulinda siri za mteja. Lakini siri ya mteja haimzuii mhariri kuambiwa, kwa faragha, jina la kampuni na la ofisa aliyeidhinisha utafiti.

Uholanzi walijaribu njia nyingine mwaka 2015 kwa kuunda taasisi ya utafiti wa ukaguzi, Foundation for Auditing Research, inayopokea data kutoka makampuni na kuwapa watafiti waliochaguliwa kwa ushindani. Fedha bado ni za makampuni, na hilo lanitia wasiwasi. Hata hivyo, pale kuna mtu wa tatu anayejua data imetoka wapi. Majarida yetu yangeweza kudai hilo tu, kuanzia toleo lijalo, bila kusubiri sheria: barua ya kampuni mikononi mwa mhariri kabla makala haijapelekwa kwa wahakiki.