Kibaya chajitembeza: Jinsi ya kuepuka majarida na makongamano ya kilaghai

Mtafiti anayetaka kazi yake iaminike hana budi kuipeleka kwa jarida ambalo wataalamu wengine huikagua kabla ya kuchapishwa. Katika miaka ya karibuni, hata hivyo, yamezuka majarida na makongamano ambayo hupokea ada ya mwandishi na kuiruka hatua hiyo ya ukaguzi. Hayo ndiyo huitwa majarida na makongamano ya kilaghai.

Kwa wakazi wa Kilungu, katika Kaunti ya Makueni, suala hili si la wasomi pekee. Mwaka 2004, mahindi yaliyoingiwa na sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini yaliwadhuru watu mashariki mwa Kenya, hasa katika wilaya za Makueni na Kitui. Kufikia Julai mwaka huo, wagonjwa 317 walikuwa wamerekodiwa na 125 kati yao walikuwa wamefariki.

Wachunguzi wa Kenya na wenzao wa kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, walikusanya sampuli 350 za mahindi na bidhaa zake kutoka kwa wachuuzi 243 katika masoko 65. Asilimia 55 ya sampuli hizo zilikuwa na sumu kupita kiwango kilichoruhusiwa wakati huo, yaani sehemu 20 kwa bilioni. Matokeo yalichapishwa Desemba 2005 katika jarida la Environmental Health Perspectives, baada ya kutathminiwa na wataalamu ambao hawakushiriki katika uchunguzi.

Tathmini hiyo ndiyo chekecheke ya sayansi. Tuseme mtu mwingine anadai kuwa dawa fulani ya ghalani huondoa aflatoksini, na dai hilo lichapishwe bila kukaguliwa. Afisa wa kilimo akilisoma na kuliamini, atakayekula mahindi hayo ni mkulima wa Nunguni na watoto wake.

Chimbuko la biashara hiyo

Zamani majarida mengi yalitegemea ada za wasomaji na maktaba. Kuja kwa intaneti kulileta majarida huria, ambayo msomaji huyapata bila malipo na wakati mwingine mwandishi ndiye hugharimia uchapishaji. Utaratibu huo ni halali na umewafaa sana watafiti wa Afrika, ambao vyuo vyao havimudu bei za majarida ya ng'ambo. Matapeli nao waliona mwanya: kila makala inayokubaliwa ni fedha mfukoni, na kila inayokataliwa ni hasara.

Jeffrey Beall, aliyekuwa mkutubi katika Chuo Kikuu cha Colorado mjini Denver, Marekani, aliyafananisha majarida hayo na wanyama wawindaji mwaka 2010. Orodha yake ya wachapishaji wa kutiliwa shaka ilitumika kote duniani hadi alipoiondoa Januari 2017. Watafiti Cenyu Shen na Bo-Christer Björk walikadiria kuwa makala za aina hiyo ziliongezeka kutoka 53,000 mwaka 2010 hadi 420,000 mwaka 2014, huku mwandishi akitozwa wastani wa dola 178 kwa makala moja.

Mwaka 2013 mwanahabari John Bohannon aliyapima majarida 304 kwa kuyatumia makala ya uongo kuhusu dawa ya saratani. Makala hiyo ilijaa makosa ambayo mkaguzi makini angeyaona mara moja. Mwandishi wake hakuwahi kuwepo, wala taasisi yake iliyodaiwa kuwa mjini Asmara, Eritrea. Hata hivyo, majarida 157 yaliikubali na 98 pekee ndiyo yaliyoikataa.

Shinikizo la kuchapisha

Nchini Kenya, miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) ya mwaka 2014 ilimtaka mwanafunzi wa uzamili awe amechapisha angalau makala moja, na wa uzamifu mbili, katika majarida yenye tathmini. Wahadhiri nao hupandishwa vyeo kwa kuzingatia machapisho yao.

Kijana wa Kilungu anayesomea uzamili, iwe Nairobi au katika Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kilichoko Kitui, huenda akakabiliwa na tarehe ya mahafali inayokaribia ilhali jarida la kuaminika linahitaji miezi kadhaa kutoa jibu. Ahadi ya kuchapishiwa kwa siku tatu humkuta akiwa katika hali hiyo.

Dalili za kutambua

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Jarida la kilaghai humwandikia mtu baruapepe asiyoitarajia, likimsifu kupita kiasi na kumwomba makala hata katika fani asiyoijua. Jina lake hufanana na la jarida mashuhuri. Huahidi uamuzi wa siku chache, hutaja alama za umaarufu zisizotambulika, na huficha kiasi cha ada hadi makala ikubaliwe.

Mtafiti asihadaike na nambari ya ISSN. Nambari hiyo hulitambulisha jarida kama kitambulisho kinavyomtambulisha raia. Haithibitishi uadilifu wa mwenyewe.

Makongamano ya kilaghai nayo hukusanya fani zisizohusiana chini ya paa moja, hukubali kila ikisiri, na humwalika mtu kuwa mzungumzaji mkuu huku yakimtoza ada ya usajili. Majina ya maprofesa hutangazwa bila idhini yao.

Mambo hayo yalidhihirika mahakamani. Agosti 2016, Tume ya Biashara ya Marekani (FTC) iliishtaki kampuni ya OMICS ya Hyderabad, India. Machi 2019 jaji wa Nevada aliamuru kampuni hiyo, pamoja na mmiliki wake na kampuni zake nyingine, ilipe zaidi ya dola milioni 50 kwa kudanganya kuhusu tathmini ya makala, kuficha ada, na kutangaza wanasayansi ambao hawakuwa wamekubali kuhudhuria makongamano yake.

Hatua za kuchukua

Kwanza, mtafiti asome makala kadhaa zilizokwisha kuchapishwa na jarida husika, kisha amuulize msimamizi wake au mkutubi. Pili, atafute jarida hilo katika DOAJ, saraka ya majarida huria iliyoanzishwa mwaka 2003, au katika AJOL, hifadhi ya majarida ya Afrika iliyoanza mwaka 1998. Maswali ya kampeni ya Think. Check. Submit. ya mwaka 2015 pia humsaidia kupima kabla ya kutuma. Tatu, amwandikie mmoja wa wahariri au wazungumzaji waliotajwa kupitia anwani ya chuo chake, amuulize kama kweli anahusika.

Aliyekwisha kunaswa asilipe wala kutia saini hati ya kuhamisha hakimiliki. Aandike mara moja kuiondoa makala, ahifadhi mawasiliano yote, na akiarifu chuo chake. Asiitume kwingine kabla ya kupata hakika kwamba haitachapishwa, kwani makala moja kutokea katika majarida mawili ni kosa la kitaaluma.

Hata hivyo, tahadhari isigeuke kuwa dharau kwa majarida ya Afrika. Orodha ya Beall ililaumiwa kwa kutegemea uamuzi wa mtu mmoja na kwa kuyachanganya majarida changa ya nchi maskini na ya matapeli. Tovuti duni au Kiingereza chenye kasoro si ushahidi wa ulaghai. East African Medical Journal, kwa mfano, lina asili yake Kenya tangu mwaka 1923.

Kinachotenganisha jarida la kweli na la kilaghai ni ukaguzi: kama kuna mtu mwenye ujuzi aliyeisoma kazi, akaihoji, na akawa na uhuru wa kuikataa. Pasipo mtu huyo, anayebaki kugundua kosa ni mwenye kuutumia utafiti huo shambani, ghalani au hospitalini.